Kaktasi Iliyovuka Bahari Bila Jahazi

Katika misitu ya milima ya Usambara, matawi ya miti mikubwa hubeba mashada ya vijiti vya kijani, vyembamba, visivyo na majani wala miiba, vinavyoweza kushuka mita kadhaa. Anayeviona kwa mara ya kwanza hudhani ni mnyaa uliopanda mtini. Lakini mnyaa ukivunjwa hutoa utomvu mweupe, na mmea huu hautoi. Ni kaktasi halisi, Rhipsalis baccifera, na watu wengi wanaoupanda kwenye vyungu vya kuning'iniza barazani hawajui kwamba nyumbani kwake ni pamoja na Afrika Mashariki.

Hapo ndipo penye fumbo. Kaktasi zina spishi zaidi ya 1,500, na asili yake ni bara la Amerika. Mpungate unaowatesa wafugaji wa Laikipia uliletwa Afrika na watu. Ni Rhipsalis baccifera peke yake inayohesabiwa kuwa ya asili Amerika, Afrika ya kitropiki, Madagaska na hadi Sri Lanka.

Wataalamu wa Ulaya walichukua muda kuutambua. Katika miaka ya 1770 mchoraji John Miller, Mjerumani aliyefanya kazi London, aliuchora na kuuweka katika jenasi Cassytha, pamoja na mimea isiyo na majani inayonyonya miti. Mwaka 1788 Joseph Gaertner akaunda jenasi Rhipsalis. Mwaka 1895 Karl Schumann alizieleza kaktasi za aina hii za Afrika Mashariki zenye matunda mekundu na kuzipa jina la spishi ya peke yake. Leo zinahesabiwa kuwa nususpishi tu. Jina tunalolitumia sasa lilikamilishwa na William Stearn mwaka 1939.

Sasa, ilivukaje? Wapo waliodhani ilikuwapo tangu Afrika na Amerika Kusini zikiwa nchi moja. Haiwezekani: mabara hayo yalitengana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na kaktasi zilitokea baadaye sana. Wengine huwataja mabaharia waliotoka Brazili kuelekea Bahari ya Hindi. Wengine husema ni ndege, kwa kuwa mbegu zake hunata kama ulimbo, zikishika mdomoni na miguuni mwa ndege anayekula tunda. Ugumu ni kwamba ndege wengi wanaohamia Afrika hutoka Ulaya na Asia, si ng'ambo ya Atlantiki.

Hata hivyo, ushahidi unaelemea upande wa ndege, pengine mmoja tu aliyesukumwa na dhoruba. Mimea mingi ya Afrika ina kromosomu mara mbili ya ile ya Amerika, na Madagaska kuna umbo lenye vinywele vigumu. Tofauti za namna hiyo zinaashiria kwamba mmea umekaa huku muda mrefu kuliko karne tano za meli za Wareno.

Maisha ya mtini ndiyo yanayoeleza malezi yake, na ndiyo yanayosahaulika. Anayesikia neno kaktasi huuanika juani na kuunyima maji, na vijiti husinyaa. Huu si mmea wa jangwani. Umezoea kivuli chenye mwanga, hewa yenye unyevu, na mboji kidogo iliyonasa kwenye panda za matawi, ambako mvua hupita bila kutuama. Kwa hiyo uchanganyiwe mboji, vipande vya magome na makumbi ya nazi, katika chungu chenye matundu. Umwagiliwe udongo wa juu unapoanza kukauka. Maji yakisimama, mizizi huoza upesi.

Kuuzalisha ni rahisi mno. Kata kijiti chenye urefu wa kidole, kiache siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha kichomeke. Baadaye vitatokea viua vidogo vyeupe, na vitunda vinavyopitisha mwanga.

Kwa sababu ya urahisi huo, hakuna udhuru wa kuung'oa msituni. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda sehemu ya msitu wa Usambara Mashariki, na biashara ya kimataifa ya Rhipsalis inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Ukiutaka, omba kijiti kwa jirani aliye nao.