Kitabu cha Sauti ya Tatu

Nataka kukiri kosa moja dogo, dogo la nusu toni tu. Mwaka jana mwalimu wa kwaya yetu hapa Dar alinikabidhi nakala ya wimbo wa Thomas Tallis, *If Ye Love Me*, akaniambia, "Kijana, hebu tuandikie huu kwa solfa, tuuimbe Pentekoste." Kama ujuavyo, msomaji mwenzangu, wengi wetu kwenye kwaya hatusomi noti za mistari mitano, twasoma do, re, mi. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Wapi!

Kwanza nilitaka kujua wimbo wenyewe umetoka wapi. Kumbe Tallis, aliyefariki 1585, alitumikia watawala wanne wa Uingereza: Henry VIII, Edward VI, Mary na Elizabeth I, na kila mmoja alikuja na msimamo wake kuhusu ibada. Zama za Edward, sheria ya 1549 iliamuru ibada ziendeshwe kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Zile nyimbo za kale, ambazo silabi moja ilivutwa mpaka maana ikapotea, hazikutakiwa tena. Wanamageuzi walitaka kila silabi na noti yake, watu waelewe. Ndiyo maana wimbo huu, wenye maneno ya Injili ya Yohana sura ya 14, ni mfupi na unasikika wazi: sauti nne zinaanza kutamka pamoja, halafu zinapokezana, na sehemu ya mwisho inarudiwa.

Sasa sikiliza. Enzi hizo mwimbaji hakupewa karatasi yenye sauti zote. Kila sauti ilikuwa na kitabu chake, noti zimepangwa mfululizo bila mistari ya kugawa mapigo. Wimbo huu umo katika vitabu vya Wanley, vilivyonakiliwa kwa mkono zama hizo za mageuzi, na ambavyo leo vimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Vilikuwa vinne, vikabaki vitatu. Na kilichopotea ni kipi? Cha sauti ya tatu, sauti ninayoimba mimi!

Bahati nzuri, John Day, mchapaji wa London, aliutia wimbo huu katika kitabu alichokitoa 1565, na humo sauti ya tatu imo. Mhariri huiazima huko. Lakini zipo nyimbo katika vitabu vile ambazo hazipatikani kwingine kokote. Anayetaka kuziimba leo hana budi kuitunga mwenyewe ile sauti iliyopotea, akiongozwa na tatu zilizobaki.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mhariri si karani wa kunakili. Anazipanga sauti nne juu na chini, anachora mistari ya mapigo, mara nyingi anapunguza urefu wa noti kwa nusu ili macho ya leo yasibabaike. Tallis aliwaandikia wanaume watupu. Mhariri anayetaka kina mama waimbe sauti ya juu huupandisha wimbo mzima. Halafu kuna zile noti ambazo waimbaji wa kale walijua wenyewe kuzipandisha wanapofika kituoni, hata kama hazikuwekewa alama. Mhariri makini huweka alama yake ndogo juu ya noti, kama anayenong'ona: hapa nimependekeza mimi.

Basi, kosa langu liko hapo. Katika nakala niliyopewa, mahali pamoja palikuwa na alama hiyo ndogo juu ya noti. Mimi nikaandika "fe" badala ya "fa", kwa herufi kubwa sawasawa na nyingine zote. Nikatoa kopi 30, nikaenda zangu kulala.

Kwenye mazoezi, dada mmoja wa sauti ya pili akasema pale pangependeza zaidi "fa". Mzee wetu wa besi akamkata: "Binti, Tallis kaandika fe. Wewe ni nani umsahihishe?" Yule dada akanyamaza. Na mimi, niliyejua ukweli, nikanyamaza pia. Niliona aibu kusema kwamba aliyeandika ni mimi.

Usiku ule sikupata raha. Kitabu cha Wanley kilipotea bila mimi kuhusika. Lakini ile alama ndogo niliipoteza mwenyewe, kwa kalamu yangu, na nikamfunga mtu mdomo kwa jina la marehemu asiyeweza kujitetea. Sisi tunaojifunza kuandika tunapenda sana kurekebisha kazi za wenzetu. Sijui ni wangapi tunaonyesha tulipogusa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kopi 30 mpya. Ile "fe" nimeitia kwenye mabano, na chini ya ukurasa nimeandika: mabano ni ya mhariri. Nikasimama, nikaeleza. Tukaimba njia zote mbili. Mzee wa besi bado anataka "fe". Yule dada safari hii alibishana naye mpaka mwisho.