Kijungu cha Majini

Mtu wa Litapunga, katika misitu ya miombo ya Mpanda, akitajiwa kuvu, fikira zake hukimbilia uyoga uchumwao wakati wa mvua, wenye shina na kofia, ufaao kitoweo. Wala hana kosa, maana huo ndio ulio dhahiri kwa macho. Lakini ziko kuvu nyingine, jamaa wa mbali wa uyoga huo, ziishizo katika mito, madimbwi na tope, ndogo hata hazionekani ila kwa hadubini, ambazo wataalamu wamezipa jina la Kiyunani, nasi tukilitohoa husema kitridi.

Maana yake ni chungu kidogo. Mwili wa kuvu hiyo ni mviringo mfano wa chungu, umejaa mbegu, na kila mbegu ina mkia mmoja wa kuogelea. Basi ya nini kulikaribisha neno geni, ilhali Kiswahili kina kijungu? Mimi naonelea tuseme kuvu-kijungu; na adhihakiye kwamba neno la mekoni halistahili maabara, na akumbuke kuwa Wayunani nao walilitoa mekoni.

Tena neno hili lasaidia kuainisha. Katika utaratibu wa Mmarekani Frederick Sparrow, aliyetoa kitabu chake mwaka 1943, kijungu kipya kiliulizwa kwanza kama kina kifuniko au hakina. Baadaye ikabainika kwamba kifuniko huhadaa, na ushahidi ukatafutwa katika umbo la ndani la mbegu, kisha katika nasaba iliyomo ndani ya chembe za urithi.

Mwaka 1999 Joyce Longcore na wenziwe walieleza kijungu kikaacho katika ngozi ya vyura, wakakiita Batrachochytrium, yaani kijungu cha chura. Na mwaka uo huo chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi, huko Udzungwa, azaaye watoto badala ya kutaga mayai, naye akapewa jina la kitaalamu. Mwaka 2003 vyura hao, ambao bwawa la umeme lilikuwa limekwisha kuwapunguzia rasharasha za maji, waliangamia ghafla, na kijungu kikapatikana katika ngozi zao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Kijungu hicho hakina kifuniko: kina kimrija tu, kama mdomo wa birika, kitokezacho nje ya ngozi, na humo mbegu hupita kuingia majini.