Kipande: hifadhidata iliyovaliwa shingoni

Leo tuweke kando mambo ya programu na simu mpya, tuongee historia. Lakini msikimbie, tarakilishi imo humu humu.

Kila mara Wakenya wanapoambiwa wajiandikishe upya, iwe ni Huduma Namba ya 2019 au Maisha Namba iliyofuata 2023, hoja huwa mbili. Wa kwanza husema: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Wa pili husema: "Serikali haina haja na data yangu, vitambulisho vyote ni utumwa." Mimi naona wote wawili wangepita kidogo Mackinnon Road kabla hawajamaliza kubishana.

Mackinnon Road ni mji mdogo wa Kwale, kandokando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, kabla hujafika Voi. Wasafiri wengi wanaujua kwa msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye simulizi zasema alikuwa mjenzi wa reli na karai lake la kokoto likielea juu ya kichwa chake. Madereva husimama kuomba dua ya safari. Jina la mji lenyewe latokana na Sir William Mackinnon, Mskoti mwenye meli aliyeongoza kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Barabara ikaja, kisha reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901.

Sasa, reli na mashamba ya walowezi vinataka wafanyakazi, na mfanyakazi ana miguu. Akichoshwa na mshahara mdogo anaondoka usiku. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande: jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, tarehe ya kuachishwa. Kikatiwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Wagikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo latosha, halihitaji tafsiri zaidi.

Mtengenezaji programu akisoma orodha hiyo ya vipengele anaona jambo moja upesi. Hii ni hifadhidata. Na ina kufuli ndani yake: mwajiri wa zamani asipotia sahihi kwamba amekuachilia, mwajiri mpya hawezi kukuchukua kihalali. Alama za vidole ndizo ufunguo mkuu, maana jina unaweza kubadilisha lakini kidole huwezi.

Je, bila tarakilishi, unatafutaje kidole kimoja katika makaratasi maelfu kwa maelfu? Hapo ndipo akili ya watu ilipofanya kazi. Katika miaka ya 1890 huko Bengal, Bara Hindi, ofisi ya polisi ya Edward Henry ilibuni njia, na waliofanya hesabu kubwa ni Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Kila kidole kinaulizwa swali moja: mistari yako imezunguka kama kimbunga au la? Ndiyo au hapana. Vidole kumi, majibu mawili kila kimoja, unapata makundi 1,024. Ndugu zangu, hiyo ni namba ya biti kumi, miaka mingi kabla ya mashine! Njia hiyo ikasambaa katika himaya ya Waingereza. Kiufundi ni kazi safi kabisa. Na hapo ndipo penye somo: mfumo unaweza kuwa na ufundi mzuri na dhuluma kubwa kwa wakati mmoja.

Watu walikataa. Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kupunguzwa mishahara, akakamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika Nairobi kudai aachiliwe, polisi wakafyatua risasi na kuua watu. Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Mara Wazungu nao wakaambiwa watoe alama za vidole, wakapiga kelele kwamba wanafanywa wahalifu, na sheria ikalegezwa kwa wanaojua Kiingereza. Kumbe fedheha iliyokuwa sawa kwa wengine kwa miaka karibu 30 haikuwa sawa kwao hata kidogo.

Turudi Mackinnon Road. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walianza kujenga hapo ghala kubwa la kijeshi, wakaliacha. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likazingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na zaidi ya watu 20,000, wengi Wagikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa kambini Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Huko walichambuliwa: weupe, wa kijivu, weusi. Rangi hizo hazikuwa za ngozi. Zilikuwa alama ya jinsi serikali ilivyokushuku, na ndizo zilizoamua uende nyumbani au uendelee kufungwa. Neno moja kwenye faili, na faili huoni.

Basi wa pili atasema: "Si nilikwambia? Tuchome vitambulisho vyote." Ngoja kwanza. Katika Kwale hii hii walikuwako Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Watoto na wajukuu walizaliwa hapa lakini hawakuwa na vitambulisho. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti ya benki, hupigi kura. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale kuelekea Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe. Babu zetu waliandamana kukikataa kipande, wao wakaandamana kukiomba kitambulisho. Wote walikuwa wanadai uhuru ule ule.

Kwa hiyo swali la kuuliza mfumo wowote si "una data yangu?" bali "unamtumikia nani?" Kipande kilimtumikia mwajiri: yeye aliandika, wewe ukabeba. Kitambulisho cha kweli ni kile ambacho mwenyewe unaweza kusoma kilichoandikwa, kukirekebisha, na kumshitaki aliyekitumia vibaya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatupa haki hizo. Mahakama Kuu ilikataza DNA na vipimo vya mahali mtu anapoishi katika Huduma Namba, Januari 2020, na Oktoba 2021 ikaona kadi zake zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa hatari kwa data za watu haikupimwa kwanza.

Nasi tunaoandika programu tusijifanye hatumo. Mara nyingine mteja akikuagiza uongeze kipengele cha "kabila" kwenye fomu, muulize cha nini. Ni safu moja tu kwenye jedwali, lakini Mackinnon Road safu moja ilitosha.

Wewe waonaje?