Viumbe wa Pangoni

Siku moja mtoto wa katekisimu alinionyesha kitabu cha zamani. Pembeni mwa ukurasa palichorwa mtu mwenye mabawa, na badala ya miguu ana majani. Akaniuliza: “Mwalimu, huyu ni shetani?”

Asili ya michoro hiyo ni Roma. Mji ulipokwisha kuungua mwaka 64, Kaisari Nero alijijengea Jumba la Dhahabu, ambalo baada ya kufa kwake lilifukiwa. Karibu na mwaka 1480 likavumbuliwa. Wachoraji walishuka kwa kamba, mienge mkononi, wakaona viumbe hao kutani na darini. Vyumba vilifanana na mapango, na pango kwa Kitaliano ni grotta. Ndiyo maana michoro ikaitwa grottesche. Nicoletto wa Modena, fundi wa kuchora katika shaba, alikwaruza jina lake ukutani, pamoja na mwaka 1507.

Shaba ndiyo iliyowaeneza. Fundi huchimba mistari katika bamba, huijaza wino, hupangusa, kisha hukandamiza karatasi yenye unyevu. Bamba moja latoa karatasi nyingi sana. Kule Antwerp, Cornelis Floris na Cornelis Bos walitoa michoro ya namna hiyo, na mfua fedha asiyefika Roma kamwe aliweza kuiiga.

Je, vina maana? Vingine ndiyo. Grifoni ni tai mbele na simba nyuma. Wafasiri wa Dante wameona ndani yake Kristu, Mungu na mtu. Satiri mwenye miguu ya mbuzi ni tamaa ya mwili. Lakini mara nyingi fundi alitaka kupendeza macho tu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mtakatifu Bernardo aliwakemea wamonaki kwa ajili ya sanamu za namna hiyo tangu karibu na mwaka 1125. Na mwaka 1582 Kardinali Paleotti wa Bologna aliandika kwamba hazifai kanisani, kwa kuwa ni uwongo na zatoka gizani kwa wapagani. Neno lake ni zito: picha ya kanisani humfundisha asiyejua kusoma.

Hata hivyo, siwezi kumkubalia yote. Zamani za Papa Leo X, Raffaello na Giovanni da Udine walipamba baraza ya Vatikano, ikaisha mwaka 1519. Darini mna picha 52 za Maandiko Matakatifu; viumbe wale wako chini, nguzoni na kutani, wakizizunguka.

Basi nilimjibu mtoto: si shetani, ni pambo. Kisha tukatafuta pamoja ukurasa ule ulisema nini.