Betri ya moyo: Waya mmoja au nyaya mbili?

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Unapopiga polepole kupita kiasi, ubongo hukosa damu ya kutosha na mgonjwa hupatwa na kizunguzungu, uchovu au kuzirai ghafla. Pale tatizo lisipotokana na dawa au ugonjwa mwingine unaotibika, tiba yake ni betri ya moyo. Mtu wa kwanza kupandikizwa betri hiyo, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa mwezi Oktoba 1958. Kifaa kilizimika baada ya saa chache; mwenyewe, baada ya kubadilishiwa betri mara nyingi, aliishi hadi mwaka 2001.

Hitilafu huweza kuwa katika chumba cha juu kulia, ambako umeme wa moyo huanzia, au katika njia inayoupeleka vyumba vya chini. Betri hufukiwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya hupitishwa kwenye mshipa wa damu hadi moyoni. Waya mmoja katika chumba cha chini ndiyo njia rahisi, lakini vyumba vya juu na vya chini huacha kupokezana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliohusisha wagonjwa 2,010 ambao hitilafu yao ilikuwa chumba cha juu, ulionyesha kuwa nyaya mbili hazikupunguza vifo wala kiharusi, ingawa zilipunguza mapigo ya ovyo ya vyumba vya juu.

Je, kwa wagonjwa wa aina hiyo, waya mmoja wa juu hautoshi? Watafiti wa Denmark walijibu mwaka 2011, baada ya kufuatilia wagonjwa 1,415. Vifo havikutofautiana. Hata hivyo, takriban asilimia 22 ya wenye waya mmoja walirudi kufanyiwa upasuaji, dhidi ya asilimia 12 ya wenye nyaya mbili, kwani kwa baadhi yao njia ya umeme nayo iliharibika baadaye. Waya uliookolewa leo, basi, huweza kudaiwa kwa kisu kesho.

Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha betri isiyo na waya, ndogo kama kidonge kikubwa, inayopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi chumba cha chini. Haina waya wa kukatika, ila kuitoa baada ya miaka mingi si kazi nyepesi. Kwa mgonjwa ambaye vyumba vyake vya juu vimekwisha kuwa na mapigo ya ovyo ya kudumu, waya wa juu hauna kazi. Chumba cha chini pekee chatosha.