Mwenye Nyumba na Mpangaji: Kutoka Pumwani Hadi Tassia

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoifanya Pumwani kuwa mtaa rasmi wa Waafrika mjini Nairobi, miongoni mwa waliojenga humo walikuwamo wanawake waliofika mjini peke yao, wakajipatia kwa jasho lao milki ya nyumba yenye vyumba kadhaa, wakakaa katika kimoja na vilivyosalia wakavipangisha. Kijana aliyetoka mashambani kutafuta ajira alijikuta chini ya himaya ya mwanamke mwenye umri wa nyanya yake, akimwamkia alfajiri na kumlipa kodi mkononi. Sisemi ukaribu ule ulikuwa rehema tupu, kwani mwenye mlango alijua kijana ameingia saa ngapi na ameandamana na nani. Lakini mamlaka yake yalikuwa na uso, na mtu aliweza kumkabili akamsihi.

Tassia, upande wa Embakasi, ni zao la zama nyingine. Ardhi yake ilikuwa mali ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa Kenya; watu wakaikalia bila idhini, na baada ya mivutano mirefu Hazina ikaridhia kuwauzia viwanja walivyokwisha kuvikalia. Linalonihuzunisha ni kwamba miongoni mwa walioogopa kufurushwa jana wamo wenye maghorofa leo, na kijana aliyepanga bedsita, yaani makao ya chumba kimoja, kwao amerithi hofu ile ile.

Mwenye ploti aghalabu hakai pale; huacha keriteka, yaani mwangalizi wa jengo. Kodi isipoingia kwa M-Pesa siku za mwanzo wa mwezi, mpangaji hurudi usiku akakuta kufuli la pili juu ya lake, na sare ya kazi ya kesho imo ndani. Sheria humruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mdaiwa kupitia kwa dalali mwenye leseni, lakini haimruhusu kumfungia mtu nje. Na ile Sheria ya Kudhibiti Kodi huwalinda wapangaji wa nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha mwaka 1981, ambacho hakikodishi bedsita yoyote ya Tassia leo. Basi kijana husimama ngazini na simu sikioni, akimwita "mzee wangu" mtu ambaye huenda hajapata kumwona.