Hila ya Kilwa: nguo zilizonunua kisiwa na hadithi iliyobaki kwa mshindi

Kiswahili kinachosemwa Fizi na Baraka kilivuka ziwa Tanganyika katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Huko pwani kilikotoka iko hadithi ya kale ya hila ya vita, na inawahusu sana watu waliohama makwao. Ni hadithi ya Kilwa, kisiwa kilichoko kusini mwa Tanzania ya leo.

Husimuliwa hivi: Ali bin al-Hassan alifika kwa jahazi kutoka Shirazi, Uajemi, akataka kununua kisiwa. Mfalme mwenyeji alikubali, kwa sharti moja: nguo za kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatandikwa, mfalme akazichukua akahamia bara. Lakini moyoni alipanga kurudi na askari, awaue wageni na kuteka mali. Wakati huo maji yalipokupwa, watu walivuka kwa miguu. Wageni wakaonywa, wakachimba mkondo, bahari ikaujaza. Mfalme akaja na jeshi, akangoja maji yapungue. Hayakupungua. Akarudi na majuto.

Hadithi hiyo ilitembea sana. Habari za wafalme wa Kilwa ziliingia katika kitabu cha Mreno João de Barros mwaka 1552. Zilikuwemo pia katika kitabu cha Kiarabu kilichonakiliwa Unguja mwaka 1877. Kwa Kiswahili, wasimulizi wengine hawataji kuchimba: wanasema wageni walisoma Qurani, maji yakakataa kupwa. Hata hila ya kupima ardhi ina ndugu zake mbali. Tunisia husimuliwa malkia Dido aliyekata ngozi ya ng'ombe nyuzi nyembamba, akazungusha uwanja mkubwa. Uingereza, katika karne ya 12, Geoffrey wa Monmouth alisimulia hila kama hiyo, safari hii ikiwa ya Hengist.

Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hassan zimepatikana. Lakini wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta pia kwamba watu waliishi Kilwa tangu karne ya 9 hivi, kabla yake, na mji ulikua polepole.

Waliotunza hadithi hii ni waliobaki na kisiwa. Ndani yake mwenyeji ndiye msaliti, na mgeni ni mwerevu anayejikinga. Yule aliyehamia bara hakuandikiwa kauli yake.

Fizi nako, sokoni na kwenye kambi, husimuliwa nani alimdanganya nani na nani alitangulia kufika. Kila upande una yake. Kabla ya kuipokea hadithi, na hasa kabla ya mtu kushika silaha kwa ajili yake, inafaa kuuliza: anayesimulia alikuwepo? Anapata nini tukimwamini? Na nani hajaulizwa?

Wazee waliokimbia vijiji vyao wangali hai. Vijana waliosoma wakae nao na daftari, waandike majina ya vijiji, mito na majirani, pamoja na majirani wa upande mwingine.